Gari la Kale Mlangoni kwa Mzee wa Vita

Mwaka wa kwanza wa msafara wetu wa kuwaenzi wazee wa vita, tulikosea. Tulikuwa na Land Rover sita, zimeoshwa hadi boneti zinang'aa, na wazee wanne waliopigana Vita vya Kagera. Wazee tuliwaambia wafike uwanjani saa mbili asubuhi. Njiani gari moja likachemsha, nasi tukasimama wote kulisubiri lipoe. Tulipoingia uwanjani karibu saa tano, tuliwakuta wazee wamekaa kwenye benchi lisilo na kivuli, makoti yamefungwa vifungo vyote, medali kifuani, na hakuna aliyewapa hata maji ya kunywa. Hawakulalamika. Mmoja wao alisimama, akajinyoosha, akatupigia saluti. Nilishindwa kumtazama usoni.

Tangu siku hiyo tuna kanuni moja: gari ndilo linalomfuata mzee. Linafika mlangoni kwake, linamsubiri amalize chai, na linamrudisha nyumbani kabla hajachoka. Ninayoyaeleza hapa yote yanatokana na kanuni hiyo. Nawaandikia wenye magari ya kale, hasa wenye Land Rover, wanaotaka kuyatumia kuwaenzi waliopigana vita wakiwa bado hai.

Kwa nini magari ya kale, na kwa nini Land Rover? Kwa sababu gari hilo lenyewe limetokana na vita. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia jipu la Willys lililobaki kutoka vitani kwenye shamba lake huko Anglesey, Wales. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya jipu. Land Rover ilipoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na rangi yake ya kijani ilitokana na akiba ya rangi za ndege za kivita. Kwetu ilikuja kuwa gari la bwana shamba, la mganga wa wilaya, la polisi na la jeshi. Ukiwasha Land Rover 109 ya zamani mbele ya mzee aliyekuwa jeshini miaka ya sabini, huna haja ya hotuba ya ufunguzi. Mlio ule anaujua.

Anza kwa kuwatafuta watu, gari lifuate baadaye. Wengi huanza na rangi na matairi, wakamkumbuka mzee wiki moja kabla ya siku yenyewe. Pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, kwa mabalozi wa nyumba kumi, kwa imamu na padri, na kwa vyama vya wanajeshi wastaafu. Uliza swali lililo wazi: hapa kwetu nani alikwenda Kagera? Usiulize "wanajeshi wastaafu ni nani" peke yake, maana utawakosa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa mwanzoni mwa Novemba, waliokwenda mbele hawakuwa askari wa kudumu tu. Walikuwamo vijana wa JKT, polisi, magereza, na maelfu ya mgambo waliotoka mashambani na viwandani. Vita vilipomalizika mwaka 1979 mgambo wengi walirudi kwenye majembe yao. Leo ni wazee wa kawaida wa kijiji, na wajukuu wa baadhi yao hawajui kwamba babu aliwahi kuvuka Mutukula akiwa na bunduki begani.

Waliokuwa vijana wa miaka kumi na minane wakati ule sasa wamevuka sitini na tano, na makamanda wadogo wa wakati huo wako sabini na kuendelea. Kwa askari wa Keya, wale waliopelekwa Abisinia, Madagaska na Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, hesabu ni kali zaidi. Kijana aliyeshuka na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kwenye matope ya Bonde la Kabaw mwaka 1944, hadi Kalewa kwenye Mto Chindwin, leo ana karibu miaka mia moja, kama bado yupo. Ukimpata hata mmoja, usisubiri siku za kumbukumbu za Julai wala Novemba. Mfuate wiki hii.

Nenda kwanza bila gari la maonyesho na bila kamera. Mwamkie, kaa, kunywa utakachopewa. Mweleze mnachotaka kufanya na umwulize kama anapenda. Wapo watakaokataa, na ukikataliwa, shukuru uondoke kwa heshima. Wapo watakaosema ndiyo mbele ya watoto wao kisha wasilale usiku kucha. Kwa hiyo zungumza pia na mke wake au binti anayemhudumia, kwa faragha. Yeye ndiye anayejua kama mzee ana presha, kama anahitaji kwenda haja kila baada ya nusu saa, kama magoti yanakunjika, na kama mshindo wa fataki za mwaka mpya humfanya ajifungie chumbani. Andika majibu hayo. Ndiyo yatakayoamua mzee apande gari gani na msafara uwe wa muda gani.

Usimwulize ameua wangapi. Nimemsikia kijana mwenye nia njema akiuliza hivyo, na mzee akanyamaza hadi tulipoondoka. Mwulize walikula nini. Mwulize kuhusu viatu, mvua, barua za nyumbani, na nani alikuwa kamanda wake. Askari wengi hukumbuka vita kwa majina ya makamanda: waliokuwa na Silas Mayunga watakwambia "Mti Mkavu", na waliokuwa na John Walden watakwambia "Black Mamba". Jina likishatoka, mengine hufuata: Kyaka, Masaka, kinamasi cha Lukaya, Entebbe, na Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Na karibu wote watakwambia jambo moja ambalo mwenye gari anapaswa kulisikia vizuri: sehemu kubwa ya safari ile waliimaliza kwa miguu, mzigo mgongoni.

Sasa gari. Msafara wa heshima ni kazi ngumu kwa injini ya zamani kuliko safari ya Arusha hadi Dodoma. Barabarani upepo hupoza rejeta, lakini kwenye msafara unatembea mwendo wa mtu, gia ya kwanza, jua la saa sita, na nyuma yako kuna magari kumi. Hapo ndipo Land Rover huchemsha. Mwezi mmoja kabla, toa maji yote, safisha rejeta kwa ndani, kisha pulizia maji kati ya mapezi yake kutokea upande wa injini ili vumbi na wadudu watoke kwa mbele. Kagua mabomba ya mpira kwa kuyaminya. Bomba likisikika kama linapasuka ndani, libadilishe. Mkanda wa feni ukaze kiasi kwamba ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba unashuka kama sentimita moja. Kama mafuta yanachemka kwenye bomba kabla ya kufika kwenye kabureta na gari linazima, sogeza bomba mbali na eksozi, na ubebe kitambaa na maji ya kulipoza. Tangi la zamani lina kutu. Weka chujio jipya na ubebe la akiba.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mshindo wa eksozi. Mmiliki wa gari la kale huuzoea, wengine huupenda. Kwa mzee aliyelala kwenye handaki huku roketi zikipita juu yake, mshindo mmoja unatosha kuharibu siku nzima. Nimemwona mtu wa miaka sabini akiinama chini ya dashibodi kwa kasi ambayo hakuna aliyejua bado anayo. Mkewe alimshika mkono hadi alipotulia, na safari yake iliishia hapo. Mwambie fundi alishughulikie hili kwa siku yake maalumu. Pointi ziachane milimita 0.35 hadi 0.40, taimingi iwekwe sawa, mchanganyiko wa kabureta usiwe mwepesi mno, na maungio ya eksozi yasivuje, maana hewa inayoingia kwenye tundu la eksozi ndiyo huchoma petroli iliyobaki na kutoa mlio. Kisha liendeshe kilima kirefu, achia mafuta ghafla ukishuka, na sikiliza. Likipiga hata mara moja, mzee asipande gari hilo. Litumie kubeba viti na maji.

Breki pia. Land Rover nyingi za zamani zina bomba moja la mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo likivuja mahali pamoja, zote zinaondoka. Kagua silinda za magurudumu kwa kuvua madramu, si kwa kukanyaga pedali na kuridhika. Kati ya gari na gari acheni nafasi ya magari mawili hata mkienda polepole. Mikanda ya usalama haikuwamo kwenye magari hayo. Ifunge kwenye viti vya mbele, na sehemu za kufungia zishikwe na chuma cha chesisi au sahani ya chuma, si bati la aluminiamu peke yake.

Kupanda na kushuka ndiko kunakomdhalilisha mzee kama hamkujiandaa. Kiti cha 109 kiko juu. Mzee mwenye goti bovu akiinua mguu anakwama katikati, na vijana wawili humkimbilia na kumbeba kwa makwapa kama gunia. Usiruhusu hilo. Tengeneza kibago cha mbao chenye ngazi mbili, kipana kiasi cha kukaa miguu yote miwili, na chini kipigwe mpira kisiteleze. Mlango ufunguliwe wote. Mzee ashike kishikio cha dashibodi kwa mkono mmoja na bega lako kwa mkono mwingine; wewe simama kando, imara, usimvute. Akikaa, mpe dakika moja kabla ya kufunga mlango. Nyuma, kwenye mabenchi ya pembeni, wakae wajukuu. Mzee hakai nyuma hata kama ndiyo nafasi iliyobaki.

Nina picha moja kichwani kuhusu kiti cha mbele. Mzee huyo alikuwa dereva jeshini, na binti yake alikuwa ametuonya kwamba siku hizi husahau hata majina ya watoto. Tulimkalisha kwenye kiti cha katikati, karibu na dereva. Gari likiwa limesimama, mkono wake ulishuka wenyewe, ukapita gia kubwa, ukashika wenzo wenye kichwa chekundu, ule wa gia ndogo za matope. Hakuuvuta. Aliuzungusha kidogo kwa kidole, akamtazama dereva wetu, akamwuliza kama anajua kwamba lazima asimamishe gari kabisa kwanza. Kisha akaeleza, kwa utaratibu na bila kukosea, jinsi ya kuvuka mto wenye mchanga. Binti yake alikuwa amesimama nje ya mlango. Yeye hakuwahi kumsikia akizungumza kuhusu kazi ile.

Kwa hiyo kabla ya msafara kuondoka, acha nusu saa ambayo haina ratiba. Fungua boneti, fungua milango, waache wazee waguse. Mjukuu mmoja ashike simu na kurekodi sauti, baada ya kuomba ruhusa. Sauti inatosha, kamera ikielekezwa usoni mtu hujikaza na kutoa hotuba. Mwisho wa siku nakala moja ibaki kwa familia, si kwenye simu yako tu.

Mavazi na sheria nitavipitia haraka, lakini usivipuuze. Usivae sare za kijeshi wala chochote kinachofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia waliokuwa na mavazi ya aina hiyo kuyasalimisha, na sheria ya nchi hairuhusu. Shati jeupe lililopigwa pasi linatosha. Gari lisibandikwe namba za kijeshi wala kuchorwa alama za kikosi ambacho mmiliki hakukitumikia. Kwa msafara, peleka taarifa ya maandishi polisi angalau saa 48 kabla, ukitaja njia, muda na idadi ya magari. Ni vizuri zaidi kwenda wiki mbili kabla na kuomba askari wa usalama barabarani wawasaidie kwenye makutano. Msibebe bendera ya chama chochote cha siasa wala tangazo la mdhamini. Mfanyabiashara akitaka kuchangia mafuta, ashukuriwe kwa mdomo na apewe nafasi ya kuwasalimu wazee.

Kuhusu tarehe, Tanzania ina Siku ya Mashujaa kila 25 Julai. Sherehe ya taifa ina itifaki yake, na Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara. Msijipachike humo bila kualikwa. Fanyeni ya kwenu mtaani au wilayani, Jumamosi iliyo karibu, ili wajukuu wawe nyumbani. Walio Bukoba wana njia inayojieleza yenyewe: hadi Kyaka, ambako daraja lililipuliwa na magofu ya kanisa lililopigwa bado yamesimama, au kusini hadi Kaboya, Muleba, walikozikwa askari wetu. Kaboya ni eneo la jeshi, kwa hiyo ombeni ruhusa mapema kwa barua.

Wanaowakumbuka askari wa Keya na wapagazi wa Vita vya Kwanza wana Jumapili iliyo karibu na 11 Novemba. Makaburi ya Jumuiya ya Madola yapo Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, yapo Moshi, Tanga, Iringa na Taveta, na ya Nairobi yapo Barabara ya Ngong, barabara ileile ya uwanja wa mbio za farasi ambako wenye magari ya kale wa Kenya hukutana kila mwaka kuyashindanisha. Magari yaegeshwe nje ya uzio. Lakini wapagazi wengi hawana jiwe lenye jina. Walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, homa na mizigo, na kumbukumbu yao kubwa kwa Dar es Salaam ni jina la soko: Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Msafara ukitokea Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu 1927, ukapita Kariakoo alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa, umepita mahali panapostahili.

Medali waachie wenyewe. Usizisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba, maana maandishi ya pembeni, kama yapo, hufutika, na huenda hapo ndipo lilipo jina na namba ya askari. Desturi ya nchi za Jumuiya ya Madola ni kwamba aliyeipata medali huivaa kifua cha kushoto, na mtoto au mjane anayeibeba kwa niaba ya marehemu huivaa kulia. Wajane wakalishwe mstari wa mbele pamoja na wazee, kabla ya diwani na kabla yetu wenye magari.

Wakati wa kunyamaza dakika mbili, injini zote zizimwe, hata ile ambayo mmiliki wake anaogopa haitawaka tena. Egesha hiyo kwenye mteremko, au hakikisha hendeli yake ipo na kuna mtu anayejua kuizungusha. Ukimya wa kweli unahitaji hivyo. Injini moja inayonguruma pembeni hufanya wazee wasisikie majina yanaposomwa. Majina yasomwe na watoto wa shule waliofanya mazoezi ya kuyatamka, na familia zithibitishe tahajia siku mbili kabla.

Shughuli nzima, kutoka mlangoni hadi mlangoni, isizidi saa tatu. Kivuli kiwepo kabla ya wazee kufika. Maji, choo cha karibu chenye kiti, muuguzi mmoja na kipimo cha presha. Chakula kiwe laini, chumvi kidogo. Bahasha ya fedha, kama mmekusanya, apewe mke au mtunzaji nyumbani, siyo hadharani mbele ya watu.

Kisha mrudi. Wiki mbili baadaye, chapisheni picha kwenye karatasi nzuri, mpelekee kila mzee ya kwake, mkae naye tena. Hapo ndipo utakapojua kama paa linavuja, kama kadi ya bima ya afya ilikwama kwa sababu ya jina lililokosewa, kama dawa zimekwisha. Mwenye Land Rover anaweza kumpeleka mzee hospitali ya wilaya mara moja kwa mwezi; barabara ya kijijini haimsumbui. Kwetu magari mawili yana zamu hiyo sasa, na wenyewe wanasema yanawaka vizuri kuliko yalipokuwa yakikaa gereji.

Kati ya wale wazee wanne wa mwaka wa kwanza, wawili bado wapo. Aliyetupigia saluti hayupo. Alifariki kabla hatujapata nafasi ya kumfuata mlangoni kwake. Wewe mwenye gari chini ya turubai nyuma ya nyumba, kesho asubuhi mwulize mwenyekiti wa mtaa wako nani alikwenda Kagera, kisha nenda ukabishe hodi.